Mwaka Tuliotaja Funza

Miaka hiyo, asubuhi za kijiji chetu zilianza kwa sauti ya fagio. Kabla jua halijapanda, nyua zote zilikuwa zinafagiliwa, na vumbi jekundu lilinyanyuka likatua juu ya majani ya migomba. Bodaboda za baiskeli zilipita zikipiga kengele, zikipeleka maziwa sokoni Kamukuywa. Redio ya jirani ilitangaza habari za saa moja kwa sauti kubwa, na hata nyumba zisizokuwa na redio zilisikia. Hewa iliyotoka upande wa Mlima Elgon ilikuwa baridi, na kila jiko lilinukia viazi vitamu vilivyochomwa.

Mwaka huo wa 2005 Lenah alikuwa darasa la sita. Baba yake, Mzee Wabwile, alikuwa mkulima wa mahindi na mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kijiji. Lenah alikwenda shuleni amevaa viatu vyeusi na soksi nyeupe. Wengi wetu tulikwenda miguu mitupu, na hatukuona ajabu yoyote.

Kila asubuhi, baada ya chai, Lenah alisimama kwenye ua wa michongoma wa jirani na kuita, "Phelista! Twende, tutachelewa!"

Phelista alikuwa rafiki yake na waliketi dawati moja. Aliishi na nyanya yake, Kukhu Nasambu, katika nyumba ya udongo iliyopasuka sakafu. Mama yake alikuwa Kitale, katika mtaa wa Kipsongo, akifua nguo za watu na kuuza mboga ili apate ada na chakula cha kutuma nyumbani. Kukhu Nasambu alikuwa mchangamfu, lakini macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Aliwatambua watu kwa sauti zao.

Kiangazi cha mwezi wa pili kilikuwa kikali. Lenah aligundua kwamba Phelista hatembei kama zamani. Alikanyaga kwa visigino, polepole, akiuma midomo.

"Sasa, Phelista! Mbona unatembea kama bata, bana?" Ian, mvulana wa darasa la saba, alimwita kutoka nyuma. Wenzake wakacheka. Phelista naye akacheka kidogo, halafu akainamisha kichwa. Lenah alimshika mkono wakaendelea na safari.

Wiki iliyofuata, Lenah alipoita kwenye ua, Phelista hakutoka. Lenah akaingia. Alimkuta rafiki yake ameketi mlangoni, miguu ameifunika kwa leso.

"Unaumwa?"

Phelista aliinua leso kidogo tu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, na kila ncha ilikuwa na vidoa vyeusi. Funza walikuwa wamejaa hadi chini ya kucha.

"Kukhu hawezi kuwatoa. Haoni sindano," Phelista alinong'ona. "Nami nikijitoa, wanaingia wengine. Usiseme shuleni, Lenah. Ukisema, sitarudi hiyo shule tena."

"Sitasema," Lenah aliahidi.

Darasani, Mwalimu Kemboi alitazama dawati lililobaki na mtu mmoja. "Phelista yuko wapi?"

"Ana malaria, mwalimu."

"Na Wakoli wa darasa la tano? Na mdogo wake wa darasa la nne?"

"Malaria, mwalimu," wanafunzi wakajibu pamoja.

Mwalimu Kemboi alitazama nje. Uwanja ulikuwa mkavu, nyasi zimekauka kabisa. "Kiangazi hiki, hao mbu wote wanatoka wapi?" aliuliza. Wengi wetu tulijua, lakini tulivuta miguu yetu chini ya madawati.

Siku chache baadaye, Lenah alishindwa kulala kwa sababu ya kuwashwa kidole. Asubuhi alimwonyesha mama yake. Mama alikitazama, akainuka, akafunga mlango wa chumba na kuteremsha pazia. Alipitisha pini kwenye moto wa mshumaa, akamtoa funza taratibu huku Lenah akiuma kona ya blanketi.

"Kumbe hata sisi wanatuingia?" Lenah aliuliza.

"Nyamaza," Mama alisema kwa sauti ya chini. "Vaa soksi. Usimwambie mtu. Baba yako ni mwenyekiti. Watu watasema nini?"

Lenah alivaa soksi, akavaa viatu. Njiani alipita kwenye ua wa michongoma bila kuita, na moyo wake ulikuwa mzito.

Mwisho wa mwezi huo ulifanyika mkutano mkubwa. Afisa wa afya alikuja kutoka Bungoma mjini, mama mrefu aliyevaa hijabu ya kijani. Jina lake lilikuwa Hawo, lakini sisi tulimwita Daktari, kama tulivyomwita kila mtu aliyetoka ofisi ya afya. Wazee walimpenda mara moja walipojua kwamba ni binti wa Mzee Osman, aliyeuza vitambaa karibu na msikiti. Nusu ya sare za shule yetu zilishonwa kwa kitambaa cha duka hilo.

Tulikutana katika madarasa mawili yaliyotenganishwa kwa mbao. Mbao ziliondolewa, madawati yakasukumwa ukutani. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, na sisi wanafunzi wa darasa la sita hadi la nane tukakaa mbele.

"Mulembe!" Daktari Hawo alisalimu.

"Mulembe!" tuliitikia, tukafurahi kumsikia akitusalimu kwa lugha yetu.

"Zamani mipango ya afya iliandikwa ofisini, halafu mnaletewa," alisema. "Safari hii mpango utatoka kwenu. Nyinyi ndio mtasema mwaka wa kwanza tufanye nini, wa pili nini, na wa tatu nini. Mimi nitawasaidia kupanga. Lakini siwezi kupanga dawa ya ugonjwa ambao sijaambiwa."

Alichukua chaki akachora sakafuni: mbu, mtungi wa maji, mtu anayekohoa, na jengo la zahanati. Pembeni akachora duara tupu. "Hili ni la jambo ambalo sijalichora," alisema. Kisha kila mtu akapewa punje za mahindi aziweke kwenye picha ya jambo linalomsumbua zaidi.

Wanaume waliweka punje zao kwenye zahanati. Wanawake waligawanyika: wengine maji, wengine mbu, wengine zahanati. Duara lilibaki tupu.

Mzee Wabwile alisimama, uso umejaa furaha. "Daktari, umeona mwenyewe. Kiwanja cha zahanati nimekitoa tayari. Mama yangu mzazi alifia njiani tukimpeleka hospitali ya Bungoma kwa mkokoteni. Sitaki mama wa mtu mwingine afe hivyo." Watu wakampigia makofi.

Daktari Hawo aliinamisha kichwa kwa heshima. "Pole sana, Mzee. Zahanati ni jambo la maana. Lakini Mwalimu Kemboi ameniambia kwamba watoto wengi hawaji shuleni. Ni nini kinachowaweka nyumbani?"

"Ni malaria hiyo," alisema Mzee Hiram, mzee wa kijiji. "Andika zahanati, Daktari, tumalize."

"Lakini miguu ya watoto naiona," Daktari alisema polepole. "Hakuna funza hapa?"

Mzee Hiram akacheka. "Funza ni wa watu wachafu, Daktari. Hapa kwetu hakuna."

Watu wengine wakacheka naye. Lenah, aliyekuwa ameketi mbele na punje zake bado zikiwa mkononi, aliona jinsi wenzake walivyokunja vidole vya miguu. Alimfikiria Phelista mlangoni, peke yake, na leso juu ya miguu. Alitaka kusema, lakini alikuwa ameahidi kutomtaja rafiki yake. Alijiuliza afanye nini. Ndipo akakumbuka kwamba kuna mguu mmoja ambao hakumwahidi mtu kuuficha: wake mwenyewe.

Alisimama.

"Daktari, funza wako," alisema. "Hata mimi wameniingia."

Aliinama, akavua kiatu na soksi, akaweka mguu wake juu ya benchi. Kidole kilikuwa bado na kidonda.

"Lenah!" Baba yake alifoka. "Vaa kiatu, keti chini!"

Lenah hakujua aketi au akimbie. Machozi yalianza kumtoka. Hapo ndipo mama yake aliposimama upande wa wanawake, akakaza leso kiunoni.

"Mtoto hasemi uongo," Mama alisema. "Nilimtoa funza huyo mimi mwenyewe, mlango nimeufunga. Nyumba yangu naifagia mara mbili kwa siku. Kama kuna mtu wa kucheka, anicheke mimi."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Hata kwangu wako." Mwingine akasema, "Wangu wawili hawawezi kutembea." Mvulana Ian, yule wa kumwita mtu bata, alitazama sakafu, halafu akanyoosha mguu wake mbele. Mzee Wabwile alichukua kofia yake akatoka nje, na mkutano ukaahirishwa hadi wiki iliyofuata.

Jioni hiyo Lenah na wazazi wake walikula ugali. Mzee Wabwile alisukuma sahani kando.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alimwambia Lenah.

"Nilivua kiatu changu tu, Baba," Lenah alijibu, karibu asisikike.

Mama alimtazama mumewe. "Baba Lenah, kesho pita kwa Kukhu Nasambu. Umeacha kupita huko tangu mavuno."

"Kuna nini kwa Kukhu Nasambu?"

Lenah alitazama sahani yake. Mama akasema, "Pita tu. Uende na mtoto."

Kesho yake walikwenda. Kabla hawajabisha hodi, waliona mlango wazi, na ndani Phelista alikuwa akitambaa kwa magoti, akisukuma kibuyu cha maji mbele yake ili ampelekee nyanya yake kitandani. Mzee Wabwile alisimama palepale. Alimkumbuka mtoto huyu akikimbia mbele ya wote siku ya michezo.

"Nani huyo?" Kukhu Nasambu aliuliza.

"Ni mimi, Wabwile, Mama."

"Karibu, mwanangu. Keti hapo kwenye kigoda. Utanisamehe, macho yangu hayaoni tena sindano. Ningekuwa naona, mtoto asingefika hapa."

"Kwa nini hukuniita, Mama?"

"Ningeita nikisema nini? Kwamba nyumba yangu imejaa funza? Mnasema ni wa watu wachafu."

Phelista alimtazama Lenah kwa hofu, na Lenah akatikisa kichwa kumwonyesha kwamba hakusema. Mzee Wabwile alimwomba binti yake beseni na maji. Alikunja mikono ya shati, akapiga magoti kwenye vumbi la sakafu ile, akaiosha miguu ya Phelista kwa mikono yake mwenyewe, polepole, kidole baada ya kidole. Lenah hakuwa amewahi kumwona baba yake akimwosha mtu.

Kwenye mkutano wa pili, madarasa yale mawili yalijaa hadi madirishani. Mzee Wabwile alisimama kabla hajaitwa.

"Mnajua ninavyoitaka zahanati," alisema. "Bado naitaka. Lakini wiki iliyopita niliona mtoto wa kijiji hiki akitambaa ndani ya nyumba kama mtoto mchanga, na nyumba hiyo iko karibu na kwangu. Zahanati itajengwa kwa miaka. Mtoto huyu hawezi kungoja miaka. Nasema mwaka wa kwanza uwe wa funza."

"Lakini mwenyekiti, si ulituahidi zahanati!" mtu mmoja alilalamika. Wengine wakamuunga mkono, na mabishano yakawa makali. Daktari Hawo aliwaacha wabishane. Walipochoka, aligawa punje upya.

Safari hii duara lilifunikwa kabisa, punje zikamwagika hadi juu ya picha ya mbu. Mwaka wa kwanza ukawa wa sakafu na miguu. Wa pili ukawa wa chemchemi, ili maji ya kuosha na kunyunyizia yapatikane karibu. Wa tatu ukawa wa zahanati kwenye kiwanja cha Mzee Wabwile.

"Jambo moja zaidi," Daktari Hawo alisema. "Tuache kusema funza ni wa watu wachafu. Funza anapenda vumbi kavu, na vumbi kavu liko kwa kila mmoja wetu. Tena, pini ya mmoja isiingie mguu wa mwingine. Mkishirikiana pini mtaambukizana magonjwa makubwa kuliko funza."

Wale walioishi kijijini wakati huo bado wanazikumbuka Jumamosi zile. Kijiji kiligawanywa makundi, na kila kundi lilianza na nyumba ya mtu asiyejiweza. Wavulana walileta udongo wa mtoni, wasichana wakaleta mavi ya ng'ombe na jivu, wanawake wakakanda na kusiriba sakafu hadi ikang'aa kama ngozi ya ngoma. Wanaume walibeba maji, wakanyunyizia nyua, wakapanda nyasi mahali palipokuwa vumbi tupu. Nyimbo ziliimbwa kutoka nyumba hadi nyumba. Mchana kulikuwa na uji mzito wa wimbi, na ulikuwa mtamu kuliko uji wowote tulioonja baadaye mijini.

Daktari Hawo alikuja na mabeseni na dawa ya rangi ya zambarau. Tulipanga foleni, wakubwa kwa wadogo, tukatumbukiza miguu. Tulitoka na miguu ya rangi moja sote, na kwa siku kadhaa hukuweza kujua nani alikuwa na funza wengi na nani alikuwa nao wachache. Mzee Hiram naye alikuja, mwishoni, akadai anataka tu kuonyesha watoto mfano.

Nyumba ya Kukhu Nasambu ilikuwa ya kwanza. Habari zilipofika Kipsongo, mama yake Phelista alikuja mbio kutoka Kitale. Alishika miguu ya mtoto wake akalia, akasema kila alipopiga simu kwenye kibanda cha simu cha sokoni aliambiwa mtoto hajambo. Alikaa wiki mbili, akisiriba nyumba za wengine pamoja na kundi lake. Phelista alirudi shuleni muhula wa pili, akiwa nyuma kidogo kimasomo, lakini Mwalimu Kemboi alimfundisha wakati wa mapumziko hadi akawafikia wenzake.

Ulipotimia mwaka, tulikutana tena kuangalia tulikofika. Daktari Hawo aliuliza kuna watoto wangapi waliobaki nyumbani kwa sababu ya funza, na Mwalimu Kemboi akasema hakuna hata mmoja. Chemchemi ilikuwa tayari imeanza kuchimbwa. Watu walipiga makofi, kisha wakamtaka mwenyekiti aseme neno.

Mzee Wabwile alisimama, akatuangalia sisi wanafunzi kwanza.

"Watoto, sikilizeni," alisema. "Mimi nilidhani kupanga ni kuchagua jengo. Nilikosea. Kupanga kunaanza pale mtu anaposema ukweli juu ya kinachomuuma. Sisi wakubwa tuliona haya, tukaficha, na kwa kuficha tukamwacha mtoto atambae. Binti yangu aliposema ukweli, hakumtaja mwenzake, alianza na mguu wake mwenyewe. Huo ndio ukweli ninaotaka mjifunze. Usianze na aibu ya jirani. Anza na yako, kisha watu watakusaidia."

Alikaa. Lenah alitazama chini kwa haya, na Phelista akamsukuma kwa kiwiko.

"Basi," Daktari Hawo alisema akitabasamu, "kabla hatujaendelea na mwaka wa pili, kuna jambo lolote tumelisahau?"

Upande wa wazee, Mzee Hiram aliinuka taratibu. Alivua kofia, akakohoa.

"Andika, Daktari," alisema. "Mzee wa kijiji hana choo."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Yeye mwenyewe alicheka hadi akapangusa machozi, na kabla kicheko hakijaisha, Mzee Wabwile alikuwa tayari anauliza ni nani mwenye jembe la kuchimbia shimo Jumamosi.